Nina digrii ya ualimu, nataka kwenda VETA kusomea majokofu. Nakosea?

MwlBilaChaki

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba wa watu wazima, maana jambo lenyewe limeshanigombanisha na nyumbani.

Nina miaka 28. Nilimaliza chuo 2021, shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, GPA 3.9. Naitaja si kwa kujisifu, ila msije mkadhani nilikuwa kilaza. Tangu hapo kila dirisha la ajira likifunguliwa nimo. Usaili wa walimu wa mwanzoni mwa 2025 nilikwenda pia. Mtakumbuka waombaji tulikuwa zaidi ya 200,000 na nafasi zilikuwa 14,000 na ushee. Siku ya mtihani wa kuandika, jamaa aliyekaa pembeni yangu alimaliza chuo 2016. Ana watoto wawili, na suruali aliyovaa akaniambia ni ileile ya mahafali. Tukacheka wote wawili, halafu tukanyamaza.

Kwa sasa nafundisha shule moja ya binafsi huku Mbagala. Laki mbili na nusu kwa mwezi, na mshahara wa Agosti tumeuona Oktoba. Jioni nina watoto saba wa tuisheni.

Mwezi uliopita friji ya dada yangu ilikufa. Akaja fundi, kijana mdogo kwangu. Akageuza friji, akapimapima, akabadilisha kitu kimoja kidogo huko nyuma, dakika arobaini hazikufika. Akaondoka na elfu themanini. Usiku ule sikulala. Nilikuwa napiga hesabu: hiyo ni karibu theluthi ya mshahara wangu, ule ambao sijalipwa.

Basi nimechukua fomu ya VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, fundi majokofu na viyoyozi, masomo yanaanza Januari. Nikampigia baba, yuko Kahama. Nilipokuwa mwaka wa kwanza Bodi ya Mikopo ilinipa asilimia ndogo, baba akauza ng'ombe wanne kufidia. Nilipomwambia habari ya VETA alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Kisha akasema: "Kwa hiyo wale ng'ombe waliliwa na nani?"

Sina jibu. Ninyi mnaonaje, mtu wa digrii kwenda kukaa darasa moja na vijana wa kidato cha nne ni kurudi nyuma? Na je, hiyo hela niliyoiona ni ya kweli au nilimwona fundi siku yake ya bahati?

---

Kijiwe_Buza

Nenda mkuu. Mimi nina digrii ya uhusiano wa kimataifa na uhusiano pekee nilionao ni na abiria wa bodaboda. Mtaani hakuna aliyewahi kuniuliza GPA.

---

Mzee_wa_Takwimu

Mnamdanganya kijana wa watu. Sasa hivi kila anayekosa ajira anaambiwa "nenda VETA, ujiajiri", kama zamani tulivyoambiwa "soma kwa bidii". Mafundi nao wamejaa. Nenda Kariakoo uone wangapi wamekaa kwenye madumu wanangoja kuitwa. Akienda huko atakuwa na vyeti viwili na njaa ileile.

---

DadaFundi

Nimelisoma swali lako nikiwa juu ya dari Upanga, nasubiri pampu imalize kuvuta hewa kwenye AC ya watu. Kwa hiyo nina nusu saa ya kukujibu. Hiyo nusu saa uikumbuke, nitairudia.

Mimi nipo kwenye hii kazi tangu 2000. Kidato cha nne nilipata Four ya mwisho mwisho, mjomba akanichukua karakana kwake mtaa wa Gerezani nioshe mapezi ya kondensa, ile sehemu inayotoa joto nje. Miaka hiyo nilikuwa mwanamke peke yangu pale, mteja anaingia, ananikuta nimeshika spana, ananiuliza "fundi yuko wapi?" Leo nina vijana wanne na mikataba ya matengenezo ya hoteli mbili ndogo na maabara moja. Naongea kama mwajiri, ingawa mwajiri mwenyewe bado ananuka mafuta ya kompresa, ile mashine inayosukuma gesi.

Tuanze na elfu themanini. Ulivyoeleza, huyo kijana alibadilisha rilei au ovalodi, vidude vya kuiwasha na kuilinda kompresa. Hapo alikula vizuri, sibishi. Ila hukumwona siku nyingine. Kuanzia Desemba mpaka Machi Dar inapochemka, simu yangu hailali. Ikifika Juni, Julai, kusi ikivuma, watu wanafungua madirisha na mimi nahesabu senti. Na hiyo elfu themanini ina nauli ndani yake, ina kifaa, ina siku tatu alizokaa bila kazi. Vijana wengi hawazihesabu hizo. Anapokea hela, anaona ni faida yote, jioni imekwisha.

Mzee wa Takwimu amesema mafundi wamejaa. Kweli wamejaa. Lakini mwaka huu nimetafuta mtu wa tano kwa miezi mitano sijampata. Nikuelezee kwa nini kwa habari za vijana wangu wawili.

Wa kwanza nilimtoa Tandika. Darasa la saba. Mkono wake sijauona kwa mtu mwingine: analehemu bomba la shaba upande wa nyuma asikokuona, anaangalia kwa kioo cha kunyolea ndevu, na halivuji. Siku moja tukaletewa friji ya kisasa, haigandishi. Yeye kazoea R134a miaka yote, gesi ya friji isiyoshika moto. Akakata bomba, akawasha tochi ya kulehemu. Ikalipuka puuu, moto ukamlamba uso. Nyusi zikaenda, macho yakabaki, Mungu mkubwa. Mle ndani ilikuwa R600a, na R600a ni ndugu wa gesi ya kupikia. Kwenye kompresa kulikuwa na kibandiko, pembetatu ya njano, alama ya moto, jina la gesi na uzito wake, gramu 52. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Nilipomuuliza kama hakukiona akaniambia, "Dada, nilikiona. Nilidhani ni pambo."

Na hizo gramu 52 ni za kwenye mizani. Huwezi kuzipima kwa kugusa bomba ukasema "limepoa, inatosha", kama tulivyofundishana sisi wa Gerezani.

Wa pili alikuja na cheti kizuri cha chuo kimoja, sikitaji. Nikamuuliza maswali, anajibu kama anasoma sala. Nikampa bomba la robo inchi apanue mdomo wake ili nati ikae. Akapasua midomo sita. Nikamuuliza chuoni mlikuwa mnafanyaje? Akasema darasani walikuwa 40 na kifaa kimoja, yeye alikuwa akikaa nyuma. "Nilikuwa naona mgongo wa mwenzangu." Wiki ya tatu ndipo alipanua mdomo mmoja ukakaa sawa. Tukapaka povu la sabuni, tukachuchumaa wote watano tunalitazama kama watu wanaotazama penalti. Halikutoa kipovu hata kimoja. Huyo leo ndiye namwachia funguo za karakana.

Mmoja alikuwa na mkono, mwingine alikuwa na maandishi, na wote wawili walinila hela mwaka mzima kabla ya kunirudishia. Huyo wa tano ninayemtafuta ni mtu ambaye hivyo vitu viwili vimekutana kwake. Hao hawajajaa Kariakoo.

Sasa wewe. Labda unaogopa kwamba ulisoma Historia na umeme ni wa watu wa sayansi. Kompresa ya friji ina pini tatu: moja ya wote, moja ya kuanzia, moja ya kukimbizia. Hazijaandikwa. Unachukua mita, unapima mbilimbili. Tuseme umepata omu 18, omu 12 na omu 6. Kaa nazo. Ukishaona kwa nini 18 ni lazima iwe jumla ya zile mbili, na ukikumbuka kwamba waya wa kuanzia una omu nyingi kuliko wa kukimbizia, utajua pini ipi ni ipi bila kumuuliza mtu. Hesabu ya kujumlisha tu hiyo, lakini nina mafundi ninaowafahamu wana miaka kumi kazini wanaunganisha kwa kubahatisha na kunusa kama kuna kinachoungua.

Halafu kuna jambo ambalo hujalitaja kwa sababu hulioni kama ujuzi. Unajua kinachonipotezea hela kuliko gesi? Maandishi. Hoteli inataka ripoti: mashine ipi, ilikuwa na nini, tumefanya nini, lini tena ikaguliwe. Kijana wangu mmoja aliwahi kuandika, namnukuu yote: "AC ya chumba namba 9 imekufa, inahitaji hela." Meneja aliibandika ofisini kwake wafanyakazi wacheke. Zabuni za serikali siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, unapakia nyaraka mwenyewe, ukikosea kiambatisho kimoja umetoka. Mteja mkubwa anataka makadirio ya bei yaliyopangwa na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi hayo nayafanya usiku, miguu nimeitia kwenye beseni la maji ya moto, namwomba binti yangu wa kidato cha tatu aniangalizie sentensi. Wewe umefundishwa miaka mitatu kuandaa andalio la somo na azimio la kazi. Ratiba ya matengenezo ya hoteli ina tofauti gani na azimio la kazi? Wiki, shughuli, vifaa, maoni. Ningempata mtu anayeweza kuandika aya nne zikaeleweka, na ambaye haoni aibu kupanda ngazi, ningemlipa zaidi ya hiyo laki mbili na nusu, tena mwisho wa mwezi husika.

Kwa hiyo mwambie baba ng'ombe bado wapo.

Lakini usikurupuke ukaacha kibarua. Shule zikifunga Desemba, tafuta karakana yoyote ukae wiki nne. Usitegemee zaidi ya nauli na sahani ya ubwabwa. Ubebe mtungi, upande dari lenye popo, uoshe mapezi. Kuna watu wanaupenda ufundi kwa mbali, kama wewe ulivyompenda huyo kijana kwa elfu themanini zake. Wiki ya pili mgongo utakuambia ukweli, na utakuwa hujalipa ada ya mtu.

Sasa ile nusu saa. Ukifunga AC au ukifungua mfumo wake, kabla ya kuachia gesi unatakiwa uvute hewa yote kwa pampu, na pamoja na hewa, unyevu. Fundi wa haraka haweki pampu. Anafungua gesi kidogo isukume hewa itoke nje, dakika mbili, kazi imekwisha, chumba kinapoa, mteja anamshukuru. Unyevu uliobaki unakwenda kuchanganyika na mafuta, unazaa asidi, unaila kompresa polepole. Miezi kadhaa baadaye imekufa, mteja anasema AC za Kichina mbovu. Hakuna anayerudi kumlaumu fundi, na fundi mwenyewe hajui kwamba ni yeye. Mimi nimekaa juu ya dari hapa, mwenye nyumba ameshachungulia mara mbili kuuliza mbona nimekaa tu sifanyi kazi.

Pampu imemaliza. Nashuka.

---

afisa_utumishi

Nampongeza dada hapo juu, ila niongeze upande wa meza ya pili, maana mimi ndiye ninayefungua bahasha. Niko idara ya utumishi kwenye kiwanda, Mwanza.

Dada anasema kajaribu kwanza. Sawa. Lakini usije ukaishia karakana ukasema mkono umetosha, vyeti vya nini. Mimi bila karatasi siwezi kukuita hata kama nimekuona kwa macho ukifanya kazi. Mkaguzi wa OSHA, wale wa usalama kazini, akija anataka kujua aliyegusa mashine ana sifa gani. Bima hivyohivyo. Kwa umeme wa majumbani ndiyo kabisa, leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, ina madaraja yake, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Kwa hiyo kafanye NVA, tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ngazi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu ukiweza. Usiishie kozi fupi ya miezi mitatu ukadhani umemaliza.

Kuhusu waajiri tunaionaje digrii na VETA pamoja: inategemea umeielezaje. Nikitangaza nafasi moja ya fundi napokea maombi mpaka naogopa kufungua barua pepe. Karibu yote yameandikwa maneno yaleyale, kwamba mwombaji ni mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Sijawahi kumwita mtu kwa hayo. Mwaka jana kuna kijana aliandika kwamba aligundua friji ya dawa ya zahanati inapoteza ubaridi usiku kwa sababu mlinzi alikuwa akichomoa waya achaji simu, akatengeneza kifuniko cha soketi chenye kufuli. Mistari mitatu tu. Nilimwita siku hiyohiyo. Hakuwa na alama nzuri hata kidogo.

Na niwape malalamiko yetu kidogo. Mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia kumi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023. Zamani ilikuwa 6, imeshushwa mara kadhaa. Tunalipa kila mwezi, halafu kijana anakuja hajui kushika kaliperi, tunafundisha upya kwa gharama yetu. Bosi wangu kila tukifunga mahesabu anauliza hela hii inakwenda wapi. Mimi namjibu kwamba vyuo navyo vina darasa la watu 40 na kifaa kimoja. Tunaangaliana.

Jambo la mwisho, na hili sijaona mtu akiligusa. Mtaala mpya umeanza 2024, na sekondari kadhaa sasa zina mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza: watoto wanasoma ufundi humohumo shuleni. Anayetakiwa pale ni mtu anayejua kufundisha na anayejua kazi. Mafundi wengi wazuri hawawezi kusimama mbele ya darasa, na walimu wengi hawajawahi kushika tochi. Ndiyo maana kuna chuo kizima pale Morogoro cha kuandaa walimu wa ufundi stadi. Wewe nusu ya hiyo safari umeshaitembea. Sikuahidi ajira, nafasi za serikali unazijua mwenyewe zilivyo. Ila kwenye kundi la waombaji 200,000, wewe wa Historia na Kiswahili utakuwa umetoka kwenye foleni ile na kuhamia nyingine fupi zaidi.

---

MwanaMvita

Salaam kutoka Mombasa. Kwetu huku hadithi ni hiyohiyo, majina tu ndiyo tofauti. Ndugu yangu ana digrii ya biashara, alikaa nyumbani miaka mitatu, sasa yuko chuo cha ufundi asomea AC, na darasani kwao si yeye pekee mwenye digrii.

Hapa fundi wa jua kali ambaye hajaingia chuo huenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, akafanya mtihani wa gredi, ya tatu, ya pili, ya kwanza, akapewa cheti kwa kazi ya mikono yake. Wengi huufanya si kwa ajili ya kazi za Mombasa bali kwa ajili ya Ghuba. Wakala wa Qatar au Oman hukuuliza cheti kwanza, kisha pasipoti. Na huko AC haina msimu wa kusi! Lakini soma mkataba mstari kwa mstari kabla hujatia saini. Ndugu yangu mwingine alipelekwa kama fundi, akafika akapewa ndoo na fagio.

---

MwlBilaChaki

Ahsanteni sana wakuu. Dada Fundi shikamoo.

Zile pini tatu zimenikaa kichwani siku mbili. Nimechora kwenye ubao baada ya watoto kutoka. Kama 18 ni jumla ya 12 na 6, basi umeme ukipita kati ya pini mbili za 18 unapitia nyaya zote mbili, na pini iliyobaki iko katikati yao. Kwa hiyo hiyo ya katikati ndiyo ya wote. Ukipima kutoka hapo, inayosoma 6 ni ya kukimbizia, inayosoma 12 ni ya kuanzia. Nimepata?

Afisa, hilo la amali sikuwa nimelifikiria kabisa. Nina swali kwako au kwa dada: mtu aliyekwisha kuwa fundi mtaani, ni lazima arudi akae darasani ndipo apate cheti? Kuna jirani yangu ana miaka 50, anaogopa.

---

DadaFundi

Marahaba mdogo wangu. Umepata, na hukumuuliza mtu pini ipi ni ipi.

Mwambie jirani asiogope. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Mimi mwenyewe nilipita huko, 2014. Nilikuwa mwaka wa kumi na nne kazini, nina wateja, lakini hoteli moja ilikataa kunipa mkataba bila cheti. Nikajaza fomu nikiwa na hasira, naona wananidhalilisha. Unaeleza umefanya kazi gani na kwa nani, wanakuhoji, wanakutazama ukifanya. Yale unayojua hawakurudishi kuyasoma. Wanakuongezea ulipopungukiwa.

Mtathmini wangu alikuwa kijana mdogo kwangu, shati limenyooka. Akaniangalia nikilehemu, akasema mkono mzuri. Halafu akauliza: "Mbona hupitishi naitrojeni ndani ya bomba wakati unalehemu?" Nikamwambia sisi hatufanyi hivyo, na bomba halivuji. Hakubishana. Akachukua msumeno, akakata kile kipande nilichokimaliza dakika ile, akakipasua kwa urefu, akanipa. Kwa nje kilikuwa kinang'aa. Ndani kilikuwa cheusi tii, na nilipopitisha ukucha yakabanduka magamba kama ya samaki. Shaba ikipata moto na hewa kwa pamoja ndivyo inavyofanya. Magamba yale yanasafiri na gesi mpaka kwenye kapilari, kile kibomba chembamba ambacho tundu lake halipitishi hata sindano nene, yanaziba.

Mdogo wangu, miaka kumi na nne. Nilirudi nyumbani na daladala nikawa nahesabu mafriji. Yule mama wa Ilala aliyerudi mara tatu. Ile ya baa ya Magomeni niliyosema imechakaa yenyewe. Kile kipande ninacho mpaka leo, kipo kwenye droo na kila kijana mpya nampa akipitishie ukucha.

Gesi nazo hazikai. R22 niliyojifunzia inaondolewa kwa mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni, na zilizofuata, zile za R134a na R410A, nchi ziliketi Kigali Oktoba 2016 zikakubaliana nazo zipunguzwe. Sasa AC mpya zinakuja na R32, nayo inashika moto, si kama R600a lakini inashika. Kila baada ya miaka michache nafungua vitabu upya, na vitabu vyenyewe ni Kiingereza cha Mchina. Ndiyo maana namtafuta mtu wa kusoma.

---

Mzee_wa_Takwimu

Dada umenifanya nikaangalie nyuma ya friji yangu kwa tochi. Kuna pembetatu ya njano. Nimesogeza jiko la gesi.

Bado nasema hela ya mtaani haina pensheni. Ila nimekuelewa.

---

MwlBilaChaki

Jana nimempigia baba tena. Nikamweleza habari ya ripoti za hoteli, ya walimu wa amali, ya azimio la kazi. Akasikiliza yote. Nikamwambia kuna fundi Dar amesema ng'ombe bado wapo.

Akauliza huyo fundi ni kabila gani. Nikasema sijui. Akanyamaza tena kidogo, halafu akasema friji ya mama haigandishi tangu mwaka juzi, wanawekea nguo, na kama nina uhakika na hayo mambo nikija Krismasi nianze na hiyo.

Nimeomba shule ruhusa, tunafunga Ijumaa. Dada, ile wiki nne uliyosema, karakana yako ina nafasi?

---

DadaFundi

Nimekutumia ujumbe pembeni, una maelekezo ya kufika. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, tunaanza na hoteli, AC kumi na mbili za kusafisha. Vaa viatu vinavyofunika vidole. Njoo na daftari la mistari, si simu, simu inateleza ukiwa kwenye ngazi.

Na hiyo friji ya mama usiiguse Krismasi hii. Mwambie akupigie picha ya kibandiko cha nyuma, kwanza tukisome.